Maji ya Kumpa Mgeni

Jumatatu, 7 Julai

Bismillahi. Kuandika nilijifunzia darasa la watu wazima, na kazi yetu pale ilikuwa barua. Mkono wangu bila salamu hauendi. Basi salamu kwako baba Saumu, uko dago, kambini na wavuvi wenzio, sijui leo umekula nini. Salamu mama mkwe wangu Bi Mize, upo barazani na miguu yako inayouma. Salamu Jumaa mwanangu wa kwanza, uliyekwenda skuli bila kunywa chai. Salamu Saumu, kitindamimba wangu, unayejikuna mpaka usingizini. Mimi mzima. Roho tu ndiyo haitulii.

Hii si barua ya kupelekwa, haisomi mtu. Ya kwangu.

Leo siku ya chupa. Dada Neema wa ofisi ya mazingira Kilindoni alinichagua mimi kwa sababu nyumba yangu ndiyo ya mwisho kabla ya hori, huu mkono wa bahari, pale bomba la kiwanda cha samaki linapomwagia baharini. Kila Jumatatu nichote maji ya bombani, nijaze chupa, nifunge, niweke kwenye boksi la barafu, bodaboda aje achukue. Wakayapime. Ijulikane kama ndiyo yanayoua mwani wetu tunaoulima.

Yalikuja machafu kweli. Povu, magamba, kitu kama kamasi. Nikayachuja kwa kanga kuukuu, mara mbili, nikayaacha ndooni yatulie, ndipo nikajaza. Yakang'aa. Chupa ina jina langu. Sipeleki uchafu ofisini kwa watu.

Alhamisi, 10 Julai

Mwani umeoza tena. Ukiushika unakatika kama tambi zilizoiva. Kamba tupu.

Miguu ya Saumu imechimbika. Alikuwa akinifuata horini kuokota chaza. Nimemkataza, analia. Nampaka mafuta ya nazi, analia. Najilaumu kwa kumchukua. Najilaumu kwa kumwacha nyumbani.

Sijui vidonda vya nini. Najua vya nini.

Jumamosi, 19 Julai

Mkutano. Majibu ya chupa zote tangu mwezi wa tano. Bwana wa kiwanda kasimama na karatasi, kasema maji yao hayana neno, safi kuliko ya kisima chetu. Watu wa kwao wakapiga makofi. Dada Neema katazama chini.

Kisha likaja lenyewe. Kwa kuwa maji ni salama wamekubaliwa bomba la pili, nene kuliko hili. Litafunguliwa katikati ya mwezi wa nane. Likifunguliwa hori limekwisha.

Wakati wa kutoka Mwanahawa, jirani yangu, tunayefunga naye mwani tangu tukiwa wanawali, kanipigia kelele mbele za watu. "Mama Chupa! Wamekupa ngapi?" Watu wakacheka. Nimekuja nyumbani nikapika wali, umeungua.

Jumatatu, 21 Julai

Nimejaza chupa hivyo hivyo. Nimechuja mara tatu, kanga imekuwa ngumu kama ngozi ya papa na harufu haitoki kwa sabuni. Nikawaza, maji yanayoifanya nguo hivi yanakuwaje safi? Kisha Saumu akaniita nikaacha kuwaza.

Alhamisi, 24 Julai

Zahanati. Saumu ana homa. Nilimwambia mganga, mwanangu, ni maji ya hori haya. Kijana mwenyewe ana adabu, kaniamkia shikamoo vizuri. Lakini kasema, "Mama, yale maji yamepimwa. Si maji. Labda chakula." Kaandika upele. Katupa dawa ya kupaka.

Nimembeba mgongoni kurudi. Mkubwa sasa, miguu yake inanipiga magotini. Nimelia njia nzima, na sikutaka asikie, basi nikawa naimba.

Hakuna atakayeniamini. Hakuna.

Jumatatu, 28 Julai

Ya Rabi.

Dada Neema kaja mwenyewe. Katoka Kilindoni na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Kanyong'onyea, kasema haelewi, macho yake yanaona hori linakufa na karatasi inasema ni zima. Nikamkaribisha barazani. Nikachota maji ya kunywa mtungini, nikatandika kitambaa juu ya kikombe, nikamchujia, nikampa kwa mikono miwili.

Hakunywa. Akakitazama kile kitambaa.

"Mama Saumu, na yale ya chupa?"

Nikamwambia, tena kwa kujivuna, yale ndiyo zaidi, nachuja mara mbili mara tatu na kuyatuliza. Mgeni hapewi takataka.

Kaweka kikombe chini. Kajifunika uso. Nikadhani anacheka.

Bi Mize ndiye aliyefahamu kwanza. "Huyu mkwe wangu," kasema, "hata shetani angemwogesha kwanza ndipo amfukuze."

Dada Neema kasema kosa lake, hakuniambia maji yajazwe na uchafu wake, alidhani halihitaji kusemwa. Kanisamehe hapo hapo. Mimi sijajisamehe. Uchafu wao wote nimewatolea mimi, kwa mkono wangu, kwa kanga yangu. Bomba la pili nimelileta mimi. Yule kijana wa zahanati nimemziba macho mimi.

Jumatano, 30 Julai

Dada Neema kapiga simu. Mkuu wake kamfokea, kazi yake yenyewe ina mashaka. Lakini kaupata upimaji mmoja. Mmoja tu. Majibu yasipotoka kabla ya bomba kufunguliwa, basi.

Maji ya bahari yalipotoka nimewafuata wanawake horini. Nimewaambia wote, nimesimama, tope mpaka magotini. Mwanahawa kaanza kucheka, kacheka mpaka kakaa majini na nguo zake. Halafu kaona halichekeki, kalia.

"Mwenzangu," kasema, "hata mimi ningechuja."

Hakuna aliyebisha. Wote wangechuja.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejaza leo. Dada Neema kasimama upande ule, Mwanahawa upande huu. Nimezamisha chupa mdomoni mwa bomba. Povu limeingia, magamba yameingia, na kile kama kamasi. Mkono uliniwasha. Mkono wenyewe ulitaka kanga, nikaushika kwa ule mwingine.

Dada Neema kaniuliza jina la kuandika chupani. Aibu ilinipata. Nikaandika mwenyewe, herufi kubwa.

Wamekwenda. Saumu kakaa mkekani, homa imeshuka kidogo, miguu bado. Anaichezea ile kanga, kamfunika nayo paka. Nimemnyang'anya, nimeichoma nyuma ya jiko.

Basi salamu kwenu mnaopima, sijui majina yenu, sijui mko watu wangapi. Salamu na watoto wenu kama mnao. Niwieni radhi kwa maji niliyowaletea, ndivyo yalivyo. Nasi hapa tunaogea, tunaokotea, tunalimia humo. Mkishayaona msikae nayo. Tuleteeni neno upesi.