Wimbo Ulionitangulia Kaliua

Mjukuu wangu Masanja, mume wangu mdogo,

Marahaba. Huku Ipuli tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, ila kelele zake ziko palepale. Wimbo wako umepigwa redioni! Nimecheza mpaka kanga ikadondoka, mama yako ni shahidi.

Unaniuliza kama itakuuma siku zote kuwatungia waimbaji wengine, wewe usitajwe. Ngoja nikwambie.

Nilipokuwa msichana kule Lusu, nilimtungia nyimbo manju wetu, yule anayeongoza ngoma. Nilizitunga shambani, jembe mkononi, na sifa zote zilikuwa zake. Baada ya mavuno manju wawili hushindana uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na anayevuta watu upande wake ndiye mshindi. Mwaka mmoja manju wetu alipoanza wimbo wangu, we! Watu walihama mbio, mpinzani akabaki na wapiga ngoma wake tu! Manju akabebwa juujuu. Mimi nikanuna.

Kisha nikaolewa, nikapanda treni kwenda Kaliua. Nashuka stesheni, nakuta wanawake wanauza asali huku wanaimba wimbo wangu! Nikadakia kwa sauti yangu yote. Mmoja akanikatiza: "Dada, hauimbwi hivyo. Njoo tukufundishe."

Nikakaa juu ya sanduku langu, wakanifundisha. Masanja, walikuwa wameongeza ubeti, mtamu kuliko zote nilizotunga mimi!

Mpaka leo nauimba kama wao.

Mkeo wa Ipuli,
Bibi