Kipande cha Nne

Mangobo, Jumapili

Nimekificha kipande cha nne cha video ya siku za mwisho za mke wangu. Leo binti yangu Solange aliunganisha vipande vyote kwa programu ya bure, ili tumtumie kaka yake Josué, ambaye vita vimemfungia Goma.

"Papa, iko ya tatu, kisha ya tano. Ya ine iko wapi?"

"Simu iliifuta."

"Bon, sawa. Programu haiwezi kuunga kitu hakiko."

Kukifuta siwezi, kukionyesha siwezi, na ugonjwa wa kifua changu hautanisubiri.

Katika kipande hicho mama yao anauliza kama Josué anakuja, nami namjibu kwamba amekataa. Niliogopa kwamba angekuja, angeuawa njiani. Josué hakukataa. Sikumwambia kabisa kwamba mama yake anaumwa.