Alama Ndogo Katika Majina ya Kwetu

Mama mupenzi,

Nakusalimia sana kutoka huku Nairobi. Muguu unaendeleaje? Yaya Mariamu, binti yako mukubwa, aliniambia kwa simu kwamba umeanza tena kwenda ufukoni kununua samaki ndagala, na kwamba hausikii muntu akikuambia upumzike. Mama, pumzika kidogo. Mimi niko muzima, ninakula vizuri, hata baridi ya huku nimeizoea.

Uliniuliza: "We mutoto, kazi gani hiyo ya kukaa tu mbele ya kompyuta?" Mtandao ukakatika kabla sijajibu. Leo nakujibu, maana kuna jambo limetokea.

Kampuni yetu inatengeneza programu ya kuandikisha bamama na batoto kwenye vituo vya afya. Vingine viko kwetu Kongo, kule Fizi. Mwezi uliopita muuguzi mumoja wa huko, Mama Esperance, akaanza kulalamika: akiandika majina ya bamama fulani kwenye simu yake, programu inazimika. Batoto wao wakabaki bila kadi za chanjo. Tulitafuta kosa siku nne, hatukuliona. Bwana Mutua, mukubwa wetu, akasema Ijumaa ikifika bila jibu, vituo vyote vitarudi kwenye daftari.

Sasa sikiliza. Batu wanaoandika programu wakikutana na kosa, wengi wanaandika ripoti na kuiweka mahali pa wazi ili wengine waisome. Lakini ripoti ziko nyingi mno, na kupata inayofanana na kosa lako ni kazi ya kuchosha. Ndiyo maana kwa miezi mitano nimekuwa nikitengeneza maktaba ya kodi za kompyuta, yaani fungu la maagizo ambalo muandishi yeyote wa programu anaweza kulitia katika kazi yake. Programu ikianguka, maktaba yangu inachukua maneno ya kosa, inatupa yale yanayohusu simu au kompyuta hiyo peke yake, halafu inatafuta ripoti zilizokwisha kuandikwa juu ya kosa kama hilo.

Mwenzangu Ng'ang'a alikuwa ananicheka. "Riziki, si kila mtu anaweza kutafuta mwenyewe?"

"Tumetafuta siku nne," nikamwambia. "Umepata nini?"

Akarudi kwenye meza yake.

Alhamisi nikaitia kwenye programu yetu, wote wakiangalia. Ikasoma maneno ya kosa yaliyotoka kwenye simu ya Mama Esperance, ikaleta ripoti sita. Tano hazikufaa kitu. Ya sita iliandikwa zamani na muntu wa Madagaska, na hakuna aliyewahi kumujibu. Alisema kosa linatokea jina likiwa na ile alama ndogo inayokaa juu, kati ya herufi. Nikafungua orodha ya Mama Esperance: M'mbondo, M'munga, M'masa. Majina ya kwetu, Mama!

"Haiwezekani," Ng'ang'a akasema. "Jina langu lina hiyo alama, na linaingia kila siku."

"Unaliandika kwa kompyuta. Liandike kwa simu."

Akaandika. Programu ikazimika mikononi mwake.

Kumbe simu inaiandika alama hiyo ikiwa imepinda, na programu yetu ilijua iliyonyooka tu. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimekwisha kurekebisha. Nikaandika namna ya kulirekebisha kosa chini ya ripoti ya yule muntu wa Madagaska. Alijibu kwamba alikuwa amekata tamaa.

Bwana Mutua akasema maktaba itiwe katika programu zetu zote, na jina langu likae juu yake. Nikaomba iachwe wazi, yeyote aitumie bure. Akakubali. Mama, sikungoja kuruhusiwa kujivuna, nilijivuna tu.

Halafu nikamupigia Mama Esperance. Nikasikia mutoto analia karibu naye.

"Ngoja nijaribu," akasema. Akaandika jina. "Riziki, imekubali! Mama M'mbondo, kuja uone, mutoto wako iko ndani!"

Bamama waliokuwa kwenye benchi wakapiga vigelegele. Ndiyo kazi yangu, Mama.

Unisalimie Yaya Mariamu na shemeji anayetengeneza mashine za mitumbwi, mama mudogo anayeuza vitenge sokoni, na bibi yetu Koko kule Fizi. Umwambie Koko nitakuja kumuona mwenyewe.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka na nisiyeogopa kazi,

Riziki