Tofali lako juu ya mulango wa kanisa

Baba Ramazani, fundi wangu,

Nakuandikia nikikaa ku ngazi ya kanisa la mulima, na vumbi ya jana bado iko mu masikio. Ungeniona ungesema kama siku zote: "Kashindi, unajenga ukuta ao unajipaka wewe mwenyewe?"

Tao la mulango lilianguka, Baba. Mvua kubwa ya kwanza kiisha kukuzika kule Kasongo ndiyo ililiangusha. Wakubwa wa kanisa wakataka kubomoa yote na kujenga kwa bloko za sima, saruji ya duka. Nikasimama katikati yao nikasema nitalirudisha mimi. Nilisema kwa hasira tu. Nyuma ya pale nikaanza kuogopa, maana sikuwahi kujenga tao bila wewe.

Nikafanya kosa la kijinga. Matofali ya zamani niliyageuza, upande laini uangalie inje, ili watu wanisifu. Siku moja Bibi Feza, muzee wetu wa kanisa, akapanda na fimbo yake, akaanza kupapasa ukuta. Alikuwa anatafuta tofali la mama yake. Hapo nikakumbuka vile ulinifundisha: wazee walipojenga kanisa hili, kila jamaa ilifinyanga tofali lake, ikakandamiza vidole mu udongo mubichi, na kiisha kulichoma ikalipandisha ku kichwa toka mutoni. Alama zote nilikuwa nimezificha ndani. Bibi hakunigombeza. Aliuliza tu, "Umemuweka mama wapi?" Ile haya, Baba, sijaimaliza.

Nikafumua tao lote, tofali moja moja. Lakini moja lilikuwa limepasuka, lile la katikati kabisa, linalofunga tao. Nikakufikiria. Wewe, Mwislamu wa Kasongo, miaka yote ulitengeneza kanisa letu, Ijumaa unashuka musikitini, Jumamosi unapanda tena, na hakuna hata tofali moja lenye alama yako. Nikafinyanga tofali lingine la kufunga tao, nikaomba mwiko wako wa kujengea kwa Mama, muke wako, nikakandamiza ncha yake mu udongo mubichi, kiisha nikalichoma. Wakubwa walinung'unika. Bibi Feza akawaambia, "Mutu aliyeshikilia tofali la mama yangu miaka hii yote, na yeye ni jamaa."

Jana tukatoa mbao zilizobeba tao. Ulikuwa unasema, siku mbao zinatoka, fundi ndiye anasimama chini ya tao, siyo mutu mwingine. Nilisimama. Nilifunga macho, siwezi kukudanganya. Mbao ya mwisho ikatoka. Vumbi kidogo ikaniangukia ku shingo, basi. Nikafungua macho, nikaona ncha ya mwiko wako juu ya kichwa changu, nikalia mbele ya watu wote.

Leo ni Jumapili. Bibi Feza aliingia wa kwanza. Aliweka mukono ku tofali la mama yake, kiisha akainua fimbo, akaligusa lako.

Pumzika sasa, Baba. Matao mengine yatakuja, na kila moja nitasimama chini yake mimi mwenyewe.

Mwanafunzi wako,
Kashindi