Kitenge Chako Kimefika Lusaka

Zaina mutoto wa dada yangu, Kabambare munaamukaje?

Mimi niko muzima, ila mugongo umechoka kabisa. Unanijua: nilibeba moteri ya pikipiki toka Salamabila mpaka Wamaza, mvua ikininyeshea, hata simba akanipisha njia. Sasa mutoto wa hapa Lusaka, huyu walinipa kazi ya kumuchunga, hata kutembea hajui, amenishinda.

Alilia toka siku nilifika. Madame, mama yake, ananiita Tonton, ni kusema mujomba; akasema: "Tonton, asipokuzoea, tutatafuta mutu mwingine." Jana walipoenda kazini nikafunga mapazia, majirani wasinione, nikatoa kile kitenge ulinipa nifunikie valizi yangu ya safari, nikamubeba mugongoni kama mama wa kwetu. Akanyamaza, akalala.

Madame akarudi, akanikuta naosha masahani naye mugongoni. Alicheka mpaka akakaa chini. "Tonton, kazi ni yako!"

Leo nikimushusha, analia. Nakula naye, nafagia naye.

Wanaume wa Wamaza uwaambie niko chef, mukubwa wa nyumba. Na utume kitenge kingine, hiki mutoto anakikojolea, nikikifua hakikauki na baridi hii. Hata cha maua, mama.

Mungu akuchunge, ucheke polepole.

Mujomba wako, Ramazani