Baba, Jicho Lako la Kulia

Mpendwa Baba,

Juzi mimi na Mama tulikuwa tunapanga nguo zako, zipi tuwape ndugu na zipi abaki nazo mwenyewe. Mfukoni mwa koti lako la udereva, lile la kaki, nikakuta kadi ya kliniki ya macho imekunjwa mara nne. Nikasoma: jicho la kulia halioni kabisa, limejeruhiwa na kipande cha plastiki. Tarehe ilikuwa ya mwaka niliokuwa darasa la tano.

Nilikaa sakafuni, Baba.

"Mama, hii ni nini?"

Akaitazama, akaendelea kukunja shati. "Aliniapisha nisiseme."

Unaikumbuka ile Landrova? Mgeni mmoja uliyemzungusha mbuga ya Kreta siku tatu alikuachia boksi la gari dogo la plastiki la kuunganisha, la kutosha kiganjani. Tukaliunganisha barazani kwetu Rhotia, mimi nikidhani ni la kuchezea, wewe ukilishika kama yai. Mara ya kwanza nilipaka kivuli cha chini ya milango cheusi tii. Ulicheka, ukanivuta mkono hadi uani lilipoegeshwa gari la kazini.

"Chuchumaa. Kivuli kile ni cheusi?"

Nikatazama. Kilikuwa cha kahawia, chenye wekundu wa udongo wetu.

"Sasa mbona umepaka lami?"

Ukanifundisha kuzimua rangi kwa thina hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi, kuiachia iingie yenyewe kwenye mifereji ya milango, kisha kufuta palipoinuka. Ukanionyesha brashi iliyokaribia kukauka inavyopitishwa kwenye kingo ili ziamke. "Chagua jua liko upande gani," ulisema, "halafu usilihamishe." Kigari kilichokuwa bapa kama sahani kikawa na kina, kikawa na uzito. Nilikuona mchawi.

Ile Jumamosi nilibana kioo cha pembeni kwa koleo ili kikatike kwenye ile fremu ya plastiki inayoshika vipande. Kikakatika, kipande kikaruka. Ukashika uso.

"Baba!"

"Si kitu, mwanangu. Vumbi tu."

Ukaenda kunawa, ukarudi ukitabasamu, tukaendelea kupaka. Mama anasema ulivumilia siku nne ukingoja lipone. Ulipofika hospitali, daktari hakuwa na la kuokoa.

Mwezi uliofuata uliacha udereva. Ulituambia umechoka na vumbi la Kreta, unataka kulima mahindi na maharage kama babu. Lile jicho lilipoanza ukungu, ukasema ni hilo hilo vumbi la miaka mingi. Tukaamini. Mimi niliamini kiasi cha kukudharau. Nikiwa kidato cha pili, mbele ya Mama, nilikwambia, "Wenzako wanapandisha wageni, wewe umekaa barazani unapaka vigari." Ulikuwa unachanganya rangi, nawe hukuinua kichwa.

Tangu juzi mambo yananijia moja moja, kila moja likinipiga upya. Chai uliyokuwa unaimwaga nje ya kikombe, nasi tukicheka. Vipande vidogo ulivyokuwa unanisukumia: "Weka wewe, una vidole vyembamba." Kidole chako kidogo kilichotangulia kugusa bodi ya gari kabla brashi haijatua. Nilidhani ni ufundi, nikauiga, hadi leo napaka hivyo. Kumbe ulikuwa unapapasa. Mtu aliyenifundisha kuonyesha kina, kwa jicho moja alilobaki nalo, alikuwa hakioni tena.

Leo nina meza yangu Karatu mjini. Madereva wananiletea picha za magari yao, nawatengenezea madogo yenye matope na mikwaruzo yote, na wageni wananunua pia. Watoto wangu wanasoma kwa kazi hiyo. Sasa kila nikiitazama meza, namwona mtoto ameshika koleo.

Nilimuuliza Mama kwa hasira, "Kwa nini mlinificha miaka yote hii?"

Akakaa nami pale chini. "Alisema, 'Tukimwambia, hatashika brashi tena.' Mimi nilikataa. Nikamwambia mtoto ana haki. Akasema haki hiyo ni nzito kuliko mtoto."

Ulikuwa sahihi, ningeacha. Hata hivyo nimekukasirikia, Baba. Nilikuuguza wiki zile zote za mwisho, nikakulisha uji, nikakugeuza kitandani, na hata wakati huo hukunipa nafasi ya kusema neno moja ambalo kila mtu hapa kwetu humwambia hata mpita njia aliyejikwaa. Ulilibeba peke yako hadi kaburini.

Basi nalisema sasa, nikiwa na miaka thelathini na minne, huku Mama akiniangalia nikiandika.

Pole, Baba. Pole sana kwa jicho. Mimi ndiye niliyelitoa.

Lala salama.

Binti yako wa kwanza