Maji ya Alamin

Alhamisi, 6 Februari 2025

Niko Bodo leo, kijijini kwa Mama. Nimepima visima sita, vitano vimezidi chumvi. Bahari inapanda, mvua imekuwa ya kubahatisha, na chumvi inatambaa chini ya ardhi huku sisi tukiandika ripoti. Lakini kisima cha Alamin — maji matamu! Matamu kuliko mwezi uliopita! Nilipima mara mbili, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mama alikuwa mlangoni ananitazama. Nilipomwambia akasema alhamdulillahi. Kisima hiki alikichimbisha mwaka aliofariki kaka yangu. Sadaka jaria. Kila anayekunywa, thawabu zinamfikia Alamin kaburini. Watu wakishusha ndoo husema, Mungu amrehemu Alamin. Mama hukaa barazani kulisikia hilo jina tu. Miaka minane sasa.

Jumatatu, 10 Februari

Ofisini Ukunda. Jacinter wa maabara ameangalia vipimo vyangu akakunja uso. Eti, "Twaiba, hii kisima yako ni safi sana. Majirani wote ni chumvi, hii inatoa wapi maji?" Nilimjibu ovyo. Nikamwambia watu wa bara hawaujui mchanga wa pwani. Sikuwa na adabu. Na swali lake nimelirudia mchana kutwa.

Alhamisi, 20 Februari

Kipimo bado kizuri. Mimea inakataa.

Mchicha wa Mama kando ya kisima umekauka ncha. Mnazi mchanga umeungua makuti. Na pale maji yanapomwagika pameota yale majani manene ya ufukweni, yanayopenda chumvi. Mimea haina kaka aliyekufa. Haina sababu ya kunifurahisha.

Nikafunga jiwe kwenye chupa, nikaishusha mpaka chini kabisa. Chumvi! Kali! Juu matamu, chini chumvi. Sawa, maji matamu ni mepesi, huelea juu. Lakini mvua haijanyesha tangu Desemba. Yametoka wapi?

Nikiwa bado nimeinama, Kadzo wa nyumba ya pili akaja kuchota. Mimba ya miezi saba, miguu imevimba. Zahanati wamemwambia presha imepanda, apunguze chumvi. Anasema mchuzi hautii chumvi kabisa. Maji siku nyingine yana ladha, lakini ni ya Alamin, atayaachaje? Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumatano, 26 Februari

Nimekwenda siku moja kabla ya siku yangu ya kupima. Bila kupiga simu.

Mkokoteni wa maji ulikuwa umeegeshwa kisimani. Mama ameinua mtungi, anamimina maji ya kununua ndani ya kisima, polepole, pembeni, asitibue. Mwanamke na magoti yake yale! Anamimina huku akisoma Bismillahi.

Niligomba. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Hakukana. Aliutua mtungi, akajifuta mikono kwa leso.

"Sikukudanganya, mwanangu. Kisima kinaumwa. Mgonjwa humpi uji?"

Nikamwambia habari ya Kadzo. Presha, mtoto, yote. Kisha akaniuliza, kisima kikifungwa, thawabu za Alamin zitakatika? Nilitaka kumkumbatia, sikuweza, hasira ilikuwa bado. Tulilia, mimi upande huu wa kisima, yeye upande ule.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa kwanza. Niko kwa Mama.

Nimekwenda kwa Mbarak, mwenyekiti wa kamati ya maji. Atatangaza leo msikitini baada ya swala ya tarawehe: maji ya kisima cha Alamin yasinywewe tena. Nilimwomba jina asilitaje. Akaniuliza kwa upole, basi akiite nini? Watu watajuaje ni kipi? Nimerudi njia nzima nikiliona jina la kaka yangu kwenye kipaza sauti, na neno chumvi nyuma yake. Ni mimi nimelipeleka huko.

Mama hajanisemesha tangu Jumatano. Shikamoo, marahaba, basi.

Saa hizi amepita na ndoo. Amechota mwenyewe kisimani. Jagi limejaa, amelifunika kawa, kando ya tende. Vikombe vitatu mkekani. Nimemuuliza cha tatu cha nani.

"Kadzo. Hafungi, lakini nimemwita tufuturu naye."

Mama! Nimesimama. Nimemwambia anajua kilichomo humo.

"Kikombe kimoja, Twaiba. Amwombee mwenzio Alamin mara ya mwisho. Kesho mkifunge."

Anazungumza bila kunitazama. Anavipanga vikombe, anavipangua. Kikombe kimoja hakiui mtu, najua, ndiyo hesabu niliyosomea. Lakini Kadzo amekunywa vingapi mimi nikicheka na kipimo changu?

Hodi. Ni yeye. Ananiambia Ramadhani karimu, ananicheka naandika saa ya futari. Ameketi kizingitini avue viatu. Mama ameshafunua jagi, anamimina. Adhana hiyo — Kadzo bado anavuta, viatu havimtoki kwa uvimbe. Naitupa kalamu.